Mpimeni kwa Mguu Wake: Barua ya Wazi kwa Walimu wa Baleti wa Nairobi

Kwenu walimu na wakuu wa shule za baleti jijini Nairobi,

Mimi ni mama wa mvulana anayecheza baleti, na nimeamua kuwaandikia hadharani kwa sababu jambo lenyewe linawagusa wavulana wengi, si huyo wangu peke yake. Ninaomba wavulana wanaotaka kujifunza kucheza kwa ncha za vidole, na ambao miili yao iko tayari, wafundishwe. Wapimwe kama mnavyowapima wasichana, waingie darasa lile lile, wasahihishwe kwa ukali ule ule. Asiyefaa akataliwe kwa sababu ya kifundo chake au mgongo wake, na aambiwe hivyo waziwazi. Asikataliwe kwa kuwa ni mvulana.

Najua naandikia watu waliozoea kubishana na mazoea. Mlipoanza kuwafundisha baleti watoto wa mitaa ya Kibera na Kuwinda, wengi waliguna. Mlipomweka mvulana mbele ya kioo na kumwambia anyooshe unyayo, wakaguna zaidi. Hamkuwasikiliza. Leo Joel Kioko, kijana wa Kuwinda, amesoma katika English National Ballet School jijini London, na jukwaa la Kenya National Theatre limeona watoto wetu wakicheza The Nutcracker mbele ya wazazi wao. Kwa hiyo siwaombi ujasiri msiokuwa nao. Nawaomba mwendelee na njia mliyoifungua wenyewe.

Hebu tutazame hali ilivyo sasa. Darasa likifika robo ya mwisho, wasichana wa miaka 12 na 13 hukaa sakafuni. Hufungua mifuko yao, wakazungushia vidole pamba au sponji, wakavaa viatu vya satini, kisha wakazungusha riboni mbele na nyuma ya kifundo na kuficha fundo upande wa ndani ili lisichomoze. Husimama, wakashika reli, wakaanza kupanda na kushuka polepole. Wakati huo wavulana wameshaambiwa wapishe. Wako kona ya pili wakipiga pushapu na kufanya mazoezi ya kuruka. Mwanangu hupiga pushapu zake kwa bidii wala halalamiki. Lakini tukifika nyumbani hushika ukingo wa sinki la jikoni, akajaribu kusimama kwa ncha za vidole bila kiatu, bila mwalimu, bila mtu wa kumwambia kwamba kifundo chake kimelala upande wa nje.

Hilo ndilo linalonitia hofu. Kijana aliyezuiwa darasani hajaacha kutaka. Atajaribu chumbani, kwa viatu alivyoazima kwa dada yake au rafiki yake, vyembamba kuliko unyayo wake, huku akiiga video ya simu. Anayefanya hivyo anaweza kuumia vibaya, na akiumia atanyamaza, kwa kuwa alikuwa akifanya alichokatazwa. Ninyi mnajua kuliko mimi kwamba katika kazi hii usalama hutoka kwa jicho la mwalimu.

Ili nielewe ninachowaombea wavulana, nilichukua kiatu kimoja kilichochakaa cha binti wa jirani yangu nikakipasua kwa kisu juu ya meza. Wazazi wengi hudhani ndani mna mti au chuma. Hamna. Puani nilikuta tabaka za kitambaa na karatasi zilizoshikamana kwa gundi mpaka zikawa ngumu, zimetengeneza kisanduku kinachobana vidole pamoja, na mbele yake pana sehemu bapa ya sentimita chache tu. Chini ya unyayo mna ubao mwembamba wa karatasi ngumu, ambao kwenye kile kiatu ulikuwa umevunjikavunjika usawa wa upinde wa unyayo. Nje ni satini, na puani satini hiyo ilikuwa imechanika kwa kusugua sakafu. Basi. Jasho na joto la mguu huilainisha gundi, ndiyo maana mchezaji wa kulipwa anaweza kuimaliza jozi nzima katika onyesho la usiku mmoja. Kiatu hicho hakimwinui mtu. Kinachomwinua ni misuli ya unyayo na shavu la mguu, magoti yaliyonyooka, tumbo lililokazwa na mgongo usioyumba. Sikuona chochote mle ndani kinachomhitaji mwanamke kuliko mwanamume.

Tunaambiwa ndivyo baleti ilivyokuwa tangu zamani. Historia yenyewe inasema vingine. Baleti ilikuzwa katika majumba ya wafalme wa Ufaransa, na waliotamba nayo walikuwa wanaume. Mfalme Louis wa 14 alikuwa mchezaji hodari; mwaka 1653, akiwa kijana wa miaka 14, alicheza nafasi ya jua katika Ballet de la Nuit, na mwaka 1661 akaanzisha Académie Royale de Danse. Katika Opera ya Paris, wanawake wenye kuifanya kazi hiyo kwa malipo hawakupanda jukwaani mpaka mwaka 1681. Kabla ya hapo nafasi za kike zilichezwa na wanaume waliovaa barakoa.

Kucheza kwa ncha kulikuja baadaye sana. Mwaka 1832, jijini Paris, Marie Taglioni alicheza La Sylphide, kazi aliyotungiwa na baba yake, Filippo Taglioni. Alikuwa pepo wa msituni, na watazamaji wa enzi hiyo walitaka kumwona mwanamke asiyegusa ardhi. Viatu vyake vilikuwa laini, vimeshonewa nyuzi puani ili visitanuke, na nguvu iliyobaki ilikuwa yake mwenyewe. Viatu vigumu zaidi vilifuata kadiri ufundi ulivyopanda, hasa mikononi mwa Waitalia. Ilipofika mwaka 1895 Pierina Legnani, Mwitaliano, alikuwa akizunguka mara 32 mfululizo kwa mguu mmoja katika Swan Lake kule St Petersburg. Wakati wanawake wakipanda hivyo, wanaume walikuwa wakisukumwa pembeni. Coppélia ilipoonyeshwa mara ya kwanza Paris mwaka 1870, nafasi ya Franz, mchumba wa kiume, ilichezwa na mwanamke, Eugénie Fiocre. Ilibidi wachezaji wa Kirusi wafike Paris mwaka 1909 wakiwa na Vaslav Nijinsky ndipo mji ule ukumbuke kwamba mwanamume naye anaweza kuwa kiini cha onyesho.

Nimeyataja haya yote kwa sababu yanaonyesha kwamba mgawanyo huu uliletwa na ladha ya watazamaji wa Paris katika miaka ya 1830. Hakuna daktari wala mwalimu aliyeipima miguu ya wanaume akaikuta na kasoro. Na ladha hiyo imeshabadilika mara kadhaa, ikawapandisha wanaume, ikawashusha, kisha ikawapandisha tena. Sisi wa Nairobi tulipokea mitihani iliyotungwa Uingereza, ambayo kwa desturi iliwapa wasichana sehemu ya ncha na wavulana sehemu ya kuruka. Tuliipokea na mgawanyo wake, lakini hatulazimiki kuushikilia kuliko hao waliotuletea.

Mtaniambia kwamba wanaume wameshacheza kwa ncha, na majina mnayajua. Mwaka 1964 Frederick Ashton alitunga The Dream kwa ajili ya Royal Ballet, akamsimamisha Alexander Grant kwa ncha akiwa Bottom, mhusika mwenye kichwa cha punda, na zile ncha zikawa kwato. Mwaka 1974 jijini New York likaanzishwa kundi la Les Ballets Trockadero de Monte Carlo, la wanaume watupu, ambalo mpaka leo linazunguka dunia likicheza nafasi za kike. Mwaka 2003 Alexei Ratmansky alitunga upya The Bright Stream kwa ajili ya kundi la Bolshoi, na ndani yake mchezaji wa kiume anajivika gauni la pepo wa msituni na kupanda juu ya ncha.

Kazi hizo zinafanana kwa jambo moja: watazamaji hucheka. Sina ugomvi na kicheko hicho. Kundi la Trockadero linachekesha kwa sababu wanaume wale wanazunguka na kusimama sawasawa. Mbwembwe zao zingekuwa ovyo kama ufundi ungekuwa ovyo. Kwa zaidi ya miaka 50 wamethibitisha kwamba uzito wa mwanamume na ukubwa wa unyayo wake si kizuizi, mradi amefundishwa na kiatu kimemkaa. Tatizo ni kwamba kijana wa miaka 13 akitafuta mfano wake, anachokutana nacho kwanza ni punda na kichekesho. Anajifunza kwamba akipanda kwa ncha sharti achekwe. Msichana wa rika lake hajabebeshwa sharti hilo.

Na kwingineko sharti hilo limeanza kulegezwa. Mwaka 1995 jijini London, Matthew Bourne aliwapa wanaume nafasi za mabata maji wote wa Swan Lake. Walicheza peku, na watazamaji walioingia wakitarajia mzaha walikutana na hasira na huzuni. Chase Johnsey, ambaye wakosoaji wa Uingereza walimtunuku tuzo ya mchezaji bora wa kiume akiwa Trockadero, mwaka 2018 alipanda jukwaani na English National Ballet katika The Sleeping Beauty, ndani ya kundi la wanawake, na hapakuwa na utani wowote. Huko Seattle, Marekani, Ashton Edwards wa Pacific Northwest Ballet alilelewa kwenye mafunzo ya wavulana, akajifunza ncha, na sasa hucheza kwa ncha nafasi zilizozoeleka kuwa za wanawake. Hawa wawili walipimwa kwa kazi yao.

Hata kwa mvulana ambaye hatacheza nafasi ya namna hiyo maisha yake yote, darasa la ncha lina faida. Mazoezi yake huimarisha misuli midogo ya unyayo na kifundo, ile ile anayoitegemea anapotua kutoka kwenye mruko mrefu. Kisha kuna densi ya wawili. Mnamfundisha mvulana kumshika msichana kiunoni wakati msichana huyo amesimama juu ya ncha moja na kuzunguka. Anatakiwa ajue, kwa viganja tu, kama uzito wa mwenzake uko juu ya kidole gumba au umeteleza nyuma, na ajue hivyo kabla msichana hajayumba. Aliyewahi kusimama kwa ncha hahitaji kuelezwa sana. Ameshauhisi mwili ukitafuta mahali pa kutulia, anajua ni kiasi gani cha msaada kinatosha na ni kipi kinamwangusha mwenzake. Na baadaye, kama baadhi yenu, huyu mvulana huenda akawa mwalimu au mtunzi wa densi. Atawaagiza wasichana wakae juu ya ncha kwa dakika kadhaa mfululizo. Ni haki yao aagize akijua uchungu wa kazi hiyo.

Siombi haraka. Mwaka 2009 Chama cha Kimataifa cha Tiba na Sayansi ya Densi kilitoa mwongozo kuhusu wakati unaofaa kuanza ncha. Mambo yanayotazamwa ni hatua ya ukuaji wa mwili, uthabiti wa kiwiliwili na nyonga, mstari wa nyonga, goti na kifundo, nguvu na wepesi wa unyayo, pamoja na miaka ambayo mtoto amejifunza na mara anazohudhuria kwa wiki. Umri wa miaka 12 ndio unaotajwa humo kama mpaka wa chini, na mtoto anayehudhuria mara moja tu kwa wiki anashauriwa asianze kabisa. Katika mambo hayo yote hakuna linalomtenga mvulana. Liko moja linalomdai subira: wavulana kwa kawaida huchelewa kurefuka kuliko wasichana, na kijana anayerefuka kwa kasi hupoteza kwa muda uthabiti aliokuwa nao. Basi wako wavulana watakaoanza wakiwa na miaka 14 au 15. Wasubirishwe, lakini wasubirishwe wakiwa darasani, wakiandaliwa, wakijua kwamba siku yao itafika.

Nimewasikia wazazi wenzangu, na hofu zao siwezi kuzipuuza. Baadhi ya akina baba wanaogopa kwamba mvulana akivaa kiatu cha satini uanaume wake utapungua. Nawaomba wawatazame wanaume wa Georgia, kule kwenye milima ya Kaukazi. Katika ngoma zao za jadi, zile ambazo kundi la Sukhishvili limezitembeza duniani tangu miaka ya 1940, wanaume huvaa mavazi ya kivita na majambia kiunoni, wakapanda juu ya vidole vilivyokunjwa ndani ya buti laini za ngozi zisizo na kisanduku chochote, wakaruka na kutua juu ya vidole hivyo. Kwao hiyo ni ngoma ya mashujaa. Na hapa kwetu, mwanamume wa Kiluhya anayetikisa mabega kwenye ngoma ya isukuti haulizwi kama bado ni mwanamume. Kila jamii imejipangia ni mwondoko upi wa mwili ni wa nani, na inaweza kupanga upya. Kuhusu mwanangu, atabaki jinsi alivyo. Kiatu hakitamgeuza, na kumnyima kiatu hakutamgeuza pia. Kutamfundisha tu kuficha anachokipenda.

Hofu ya pili ni nzito zaidi, na inatoka kwa wasichana wenyewe. Nafasi za wanawake katika makundi makubwa zinagombaniwa na wengi, ilhali mvulana mwenye kipaji hupata nafasi kwa urahisi zaidi kwa kuwa wavulana ni wachache. Je, sasa waje wagombanie na hizo? Mimi ni mwanamke na sitaki binti yeyote asukumwe. Lakini kufundishwa ni jambo moja, na kugawiwa nafasi ya jukwaani ni jingine. Nawaomba la kwanza. Na haki hii iende pande zote: msichana mwenye miguu ya kuruka, anayetaka kujifunza mizunguko ya hewani ambayo tunawafundisha wavulana peke yao, naye aitwe kwenye ile kona ya pili. Ninaamini wapo, kwa kuwa nimewaona wakichungulia.

Hofu ya tatu ni pesa, na hapa nasema kama mtu anayelipa karo. Jozi moja ya viatu vya ncha inaweza kufikia dola 100 au zaidi kabla ya usafiri na ushuru, na haina maisha marefu. Unyayo mpana na mrefu wa mvulana mara nyingi huhitaji kiatu kilichoagizwa maalumu. Watoto wengi mnaowafundisha hawana hata nauli. Najua shule haziwezi kubeba mzigo huo, na siombi ziubebe. Mwanzo wa kazi hii hauhitaji kiatu hata kimoja. Unahitaji mkanda wa mpira, reli, sakafu na mwalimu anayehesabu mara ngapi kijana amenyanyua kisigino cha mguu mmoja bila kuyumba. Mwaka mzima unaweza kupita hivyo. Viatu vikihitajika, sisi wazazi tutachanga, na jamaa zetu walio London, Muscat au Boston tutawaomba waje na jozi kwenye sanduku la safari, baada ya mguu wa kijana kupimwa sawasawa.

Kwa hiyo nawaomba mambo manne. Kwanza, muhula ujao wavulana walio tayari waingie kwenye mazoezi ya maandalizi ya ncha, kwa hiari yao na kwa idhini ya wazazi. Pili, vipimo vyenu vya nani aanze viandikwe kwa lugha nyepesi na vibandikwe ukutani, ili msichana na mvulana wajue wanachodaiwa. Tatu, waandikieni wasimamizi wa mitihani mnayoifuata muwaulize rasmi kama mvulana anaweza kutahiniwa sehemu ya ncha, na majibu yao mtueleze. Nne, mtuite wazazi, akina baba hasa, tukae tuulize maswali yetu yote mbele yenu, badala ya kuyanong'ona kwenye magari tunapowasubiri watoto.

Kama kuna sababu ya kitaalamu ya kukataa ambayo sijaifikiria, niko tayari kuisikia, na nitaieleza nyumbani kwangu kama nilivyoelezwa. Ninachoomba ni kwamba sababu iwepo na itamkwe. Mwanangu huelewa akiambiwa kwamba goti lake halijanyooka, au kwamba hajafanya mazoezi ya kutosha. Maneno hayo humrudisha kwenye reli. Kuambiwa kwamba ni mvulana hakumpi zoezi lolote la kufanya kesho.

Januari haiko mbali. Nitakuja kumsajili kama kawaida, na kwenye fomu, palipoandikwa masomo anayoyataka, nitaandika ncha. Nawasihi walezi wenzangu wenye wavulana wanaotaka hivyo waandike vilevile, ili mkae na maombi yetu mezani na mtupe jibu.



Mama wa mchezaji
Nairobi